Kibodi Nzima, Menyu Imekufa: Maswali Yenu Kuhusu USB Kompyuta Inapowaka

Habari zenu wasomaji. Safari hii maswali mengi yamekuja ya aina moja, yote ni ya zile sekunde chache kati ya kubonyeza kitufe cha pawa na kuiona Windows au Linux usoni. Nimechukua saba. La kwanza nitakaa nalo sana maana ukilielewa hilo mengine yote yanajifungua, kwahiyo hata kama swali lako liko chini huko anza na hili.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Mwanza. Mteja ameleta dekstopu ya zamani kidogo, nimempigia Linux pembeni ya Windows. Ikiwaka inaleta menyu ya GRUB ile ya kuchagua Windows au Linux, sekunde zinahesabu, lakini kibodi ya USB haifanyi chochote, mshale hausogei. Ikishaingia Windows kibodi ileile inaandika vizuri tu. Nimebadilisha kibodi tatu hali ni ileile. Nikaweka ile ya zamani ya kichwa cha duara ikakubali hapohapo. Mteja anasema nimemuharibia mashine.

Pole kaka. Kwanza mwambie mteja hakuna kilichoharibika, kibodi zote tatu ni nzima, poti nzima, GRUB nzima, na wewe mwenyewe umeshapata jibu ulipoweka ile ya duara ila hukujua kama ndo jibu.

Ile ya duara inaitwa PS/2, IBM waliileta 1987. Waya wake unaenda moja kwa moja kwenye chipu ya kibodi iliyoko kwenye mazabodi, na programu yoyote ikitaka kujua kitufe gani kimebonyezwa inasoma mlango namba 60h basi, imemaliza. Hakuna kuulizana jina wala unatoka wapi. USB haiko hivyo hata kidogo. Kwenye USB kuna mwenyeji, ambaye ni kompyuta, na mgeni, ambaye ni kifaa, na mgeni hasemi neno mpaka aulizwe. Hata ukibonyeza kitufe mara mia, kibodi inakaa na habari yake mpaka mwenyeji apite kuuliza kuna lolote, na anapita kila baada ya milisekunde chache. Asipopita hakuna kitu.

Sasa angalia mgeni anavyopokelewa. Ukikata waya wa kibodi ya USB ya kawaida utakuta nyaya nne ndani, nyekundu ya umeme volti 5, nyeusi ya ardhi, nyeupe na kijani za data. Ndani ya kibodi kuna rezista ya kilo-omu 1.5 inayouvuta ule waya mweupe juu, na hiyo ndo hodi yenyewe. Mwenyeji akiuona mweupe umepanda anajua mlangoni kuna mtu na ni wa spidi ndogo, megabiti 1.5 kwa sekunde, maana angekuwa wa spidi ya juu zaidi ungepanda wa kijani. Anaichezesha poti kidogo, anazishusha nyaya zote mbili chini kwa milisekunde 10 au zaidi ili mgeni asahau yote na aanze upya, na kuanzia hapo mgeni anajibu kwa anwani 0. Kila mgeni mpya ni sifuri, ndo maana wanapokelewa mmojammoja. Mwenyeji anaomba baiti 8 za kwanza za maelezo yake, anampa namba yake mwenyewe kati ya 1 na 127, halafu anaomba maelezo kamili, baiti 18, humo mna namba ya aliyetengeneza na namba ya bidhaa. Logitech kwa mfano ni 046D.

Watu wengi wanadhani kompyuta inaitambua kibodi kwa jina hilo, kwamba ina orodha ya kibodi zote za duniani. Haina, na haina haja. Kinachoangaliwa ni namba tatu ndogo zinazokuja baadaye kwenye maelezo ya kiolesura: 3, 1, 1. Ile 3 maana yake kifaa cha mtu kuingizia maagizo kwa mkono. 1 ya katikati maana yake naweza kuongea lugha nyepesi ya wakati wa kuwasha. Na 1 ya mwisho maana yake mimi ni kibodi, ingekuwa 2 ni mausi. Kwahiyo kibodi ya elfu kumi na kibodi ya laki tatu zote zikisema 3-1-1 zinapokelewa sawasawa.

Hiyo lugha nyepesi ni jambo zuri sana, hebu ione. Kila ripoti ni baiti 8 tu. Ya kwanza ni ya Shift, Ctrl, Alt na wenzao, kila mmoja na biti yake, ya pili haitumiki, sita zilizobaki ni vitufe vilivyobonyezwa. Ukibonyeza mshale wa chini inatoka 00 00 51 00 00 00 00 00. Ukiachia zinakuja sifuri tupu. Shift ya kushoto pamoja na A ni 02 00 04 na sifuri tano. Imefanywa fupi hivyo makusudi, ili programu ndogo yenye nafasi finyu kwenye chipu iweze kusoma bila kubeba draiva (programu ya kuendesha kifaa) kubwa.

Haya, sasa kiini cha tatizo lako. Hiyo kazi yote ya kupokea wageni kwenye mashine yako nani alitakiwa aifanye? Sio GRUB. Kwenye mashine ya BIOS (ile programu ya kwanza iliyomo kwenye chipu ya mazabodi), GRUB haiijui USB yako kabisa, yenyewe inaiuliza BIOS kupitia huduma ya kibodi namba 16h, nipe kitufe kilichobonyezwa. BIOS ndo ina draiva yake ndogo ya USB, inazisoma zile baiti 8 na kuzigeuza zionekane kama zimetoka kwenye kibodi ya zamani. Hiyo huduma ina swichi kwenye mipangilio ya BIOS, mara nyingi imeandikwa "USB Legacy Support" au "USB Keyboard Support". Ikizimwa, kibodi za USB zote zinakuwa bubu mbele ya GRUB huku ya duara ikiendelea kama kawaida. Na Windows haijali swichi hiyo maana ikiamka inamnyang'anya BIOS kila kitu, inawapokea wageni wote upya kwa draiva zake yenyewe.

Kwahiyo weka ile ya duara, ingia BIOS, tafuta hiyo swichi, washa, hifadhi. Ukiona bado, hamisha kibodi kwenye poti ya nyuma iliyoko kwenye mazabodi yenyewe, sio ya mbele, sio kwenye habu, na wala sio kwenye kadi ya USB ya kuongezea maana BIOS nyingi haziwezi kuziendesha kadi hizo.

Na kama ingekuwa mashine mpya ya UEFI (mrithi wa BIOS) ningekwambia angalia "Fast Boot". Ikiwa imewashwa, mashine inaruka kuwapokea wageni wa USB ili kuokoa sekunde, na wewe unabonyeza F2 mpaka kidole kinauma. Hapo usihangaike na kidole. Ukiwa ndani ya Windows fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya juu uandike shutdown /r /fw /t 0, au kwenye Linux systemctl reboot --firmware-setup, mashine itajipeleka yenyewe kwenye mipangilio ukazime hiyo kitu.

Utakutana pia na ushauri wa kuipa GRUB draiva zake, insmod ehci, insmod usb_keyboard, halafu terminal_input usb_keyboard. Inawezekana, lakini naomba uwe makini hapo. GRUB ikichukua kontrola ya USB (chipu inayoendesha poti), BIOS inaiachia, na kama GRUB yenyewe ulikuwa umeiwasha kutoka kwenye flashi, flashi hiyo inaweza kupotea ukiwa katikati. Halafu GRUB 2.06 ina draiva za UHCI, OHCI na EHCI (kontrola za USB 1 na 2) ila ya xHCI, kontrola ya poti za USB 3, haina. Anza na BIOS.

Mimi natumia kibodi ya wayalesi. Rafiki yangu nae ana ya wayalesi. Yake inaingia BIOS, yangu hapana. Tofauti ni nini? Msomaji, Dodoma

Bila shaka yake ina kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye USB na yako ni ya Bluetooth. Hicho kidude chenyewe ndo kinajitambulisha 3-1-1. Kompyuta haijui kama kuna hewa katikati, inaona kibodi ya waya, basi, na mara nyingi kinajitambulisha mara mbili, kama kibodi na kama mausi ndani ya kidude kimoja. Bluetooth ni habari nyingine. Pale kilichopo kwenye USB ni redio, na kibodi inajulikana baada ya kuoanishwa, na siri za huko kuoanishwa zinatunzwa ndani ya Windows au Linux ambayo bado haijaamka. Zipo mashine chache zinazoweza, ila usizitegemee. Tunza kibodi moja ya waya nyumbani, hata ya bei ya chini kabisa.

Na kwa wenye kibodi za gemu, baadhi zina swichi au mchanganyiko wa vitufe wa hali ya BIOS. Ile lugha nyepesi inabeba vitufe sita tu kwa mpigo na kibodi hizo zinapenda kutuma vyote kwa mkupuo, kwahiyo BIOS nyingine zinazichanganya. Ukiiweka kwenye hali hiyo inaongea kawaida.

Jambo ndugu. Niko Bukavu, klavie zetu huku ni AZERTY. Nimeweka neno la siri kwenye GRUB ya mashini ya ofisi, nikiandika hapo mwanzo linakatala, na nina hakika ndilo hilohilo. Ndani ya Linux naandika vizuri. Nimelirudisha mara tatu.

Jambo sana ndugu yangu. Nakuamini, neno ni sahihi, ila GRUB inasoma neno lingine.

Kumbuka ile 04 niliyosema ni A. Kwa kweli sio herufi A, ni mahali. Ni kile kitufe kilichopo kushoto kwa S. Kibodi yako pale wamechapa Q, lakini chini ya plastiki inatuma 04 ileile kama kibodi ya Nairobi au ya Dar. Kibodi haijui imechapwa nini juu yake. Kwenye maelezo ya USB ipo sehemu ya kutaja nchi lakini kibodi nyingi zinaandika sifuri hapo na wanaozisoma wanapita tu. Linux ukishaiambia AZERTY inatafsiri, BIOS na UEFI hazitafsiri, zinachukulia kila kibodi ni ya Kimarekani.

Tuseme neno lako ni amani7 (naomba lisiwe hilo). Ukigusa vitufe vyako kama ulivyozoea, a inakwenda q, m yako iko pembeni ya L mahali ambapo Wamarekani wana nukta-mkato, n na i hazibadiliki, na 7 unaibonyeza na Shift kwahiyo inakuwa &. GRUB imepokea q;qni&. Lazima ikatae.

Ukitaka kuingia leo hii, andika kwa mahali: pa a bonyeza chenye Q, pa m bonyeza chenye koma kile cha pembeni ya N, 7 bonyeza bila Shift. Ukiingia badilisha neno, chagua herufi zinazokaa mahali pamoja kwenye AZERTY na QWERTY. Kwepa a, q, z, w, m, namba zote na alama zote. Herufi kama b, d, e, f, g, i, k, n, o, r, s, t, u ziko salama, na zinatosha kutengeneza neno refu ambalo halibahatishiki. GRUB ina amri ya keymap ya kubadilisha mpangilio lakini inafanya kazi pale GRUB inapoisoma kibodi kwa draiva zake yenyewe, sio inapopitia BIOS au UEFI kama kwako.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Iringa. Tumepata kompyuta za ofisi zilizotumika, ziko vizuri. Mkuu wa shule anataka Windows 7 kwa sababu programu yetu moja ni ya zamani. Nikiwasha kwa DVD, kwenye BIOS kibodi inafanya kazi, naichagua DVD, ikifika pa kuchagua lugha kibodi na mausi vinakufa vyote viwili. Hata taa ya Num Lock haiwaki.

Mwalimu hongera kwa kuangalia ile taa. Hicho ndo kipimo bora kuliko vyote na hakina gharama. Taa ya Num Lock kibodi haijiwashii, inawashwa na mwenyeji kwa kuituma baiti moja. Ukibonyeza Num Lock na taa ikaitika, maana yake kuna mwenyeji yuko macho anaongea na kibodi. Isipoitika hakuna mwenyeji.

Na ndo kilichotokea kwako. BIOS ilikuwa mwenyeji mpaka ulipochagua DVD. Windows 7 ikaamka, ikasema nipishe nachukua poti, BIOS ikaachia, halafu Windows 7 ikajikuta haijui kuiendesha ile kontrola. Windows 7 ilitoka 2009 bila draiva ya xHCI ndani yake. Kwa miaka kadhaa haikuonekana maana mazabodi zilikuwa na kontrola mbili, EHCI ya USB 2 na xHCI ya USB 3, unachomeka kwenye poti nyeusi maisha yanaendelea. Mwaka 2015 Intel walipoleta chipuseti (chipu kuu za mazabodi) za mfululizo wa 100 waliiondoa EHCI, poti zote zikawa chini ya xHCI, hata zile nyeusi. Kwahiyo mashine zako ni za kuanzia hapo, na ungeweza kununua kibodi ishirini zote zikafia palepale kwenye lugha.

Nyuma ya mashine za ofisi mara nyingi kuna tundu la duara la PS/2, ukilikuta tumia kibodi ya duara umalize kufunga kisha uweke draiva ya USB 3 ya chipuseti hiyo. Kama halipo itabidi utengeneze DVD au flashi yenye draiva hizo ndani tayari. Lakini mwalimu naomba nikushauri kama ndugu, usifike huko. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na hizo mashine watazitumia watoto kwenye intaneti. Weka mfumo unaohudumiwa bado, hata Linux nyepesi, na ile programu moja ya zamani iwekee mashine moja isiyounganishwa na mtandao. Mkuu wa shule mwonyeshe hiyo tarehe.

Niaje mkuu. Mimi ni student hapa Nairobi, nataka kujua hivi vitu vingine bootloader (programu ya kuwashia kama GRUB) inavijuaje, RAM, disk na kadhalika, ni kama USB tu? Pia nina Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) nimeweka bootloader ya U-Boot, inaandika nibonyeze key yoyote kusimamisha, nabonyeza na haisimami.

Poa sana. Swali lako la kwanza nalipenda kweli.

Kuna vifaa vinavyojitambulisha na kuna visivyoweza. Vya PCI (njia ya kuunganisha kadi na chipu kwenye mazabodi) vinajitambulisha lakini kwa staili nyingine, hakuna kupiga hodi, mwenyeji ndo anapita mlango kwa mlango. Njia (wanaziita bus) hadi 256, kila njia vifaa 32, kila kifaa kazi 8, na kila mlango anasoma namba ya mtengenezaji. Akipata FFFF hamna mtu, anaendelea. Akipata 8086 ni Intel, hiyo namba wameichagua kwa heshima ya prosesa yao. Kisha anasoma aina, na hapo ndo anaigundua kontrola ya USB yenyewe: 0C 03 30 ni xHCI, 0C 03 20 ni EHCI. Unaona mpangilio? Kibodi haiwezi kupatikana kabla kontrola haijapatikana.

RAM nayo ina kichipu kidogo pembeni kwenye ile stiki, fimuweya (BIOS au UEFI) inakisoma kwa nyaya mbili za taratibu kujua ukubwa na spidi, na inafanya hivyo kabla ya kitu kingine karibu chochote maana bila RAM hakuna pa kukaa. Diski kwenye BIOS zinapewa namba kuanzia 80h kwa mpangilio wa kuwasha, na ndo maana ukichomeka flashi namba zinaweza kuhama, iliyokuwa hd0 ikawa hd1. Kwa sababu hiyo GRUB inatafuta diski kwa UUID (namba ya kipekee) ya mfumo wa faili badala ya kuamini namba.

Sasa kwenye bodi za ARM kama Pi yako, vifaa vingi vilivyo ndani ya chipu havina uwezo wa kujitambulisha kabisa. Ukienda kuuliza kwenye anwani isiyo na kitu mashine inaweza kuganda tu. Kwahiyo inaandikwa ramani, faili la dtb, linalosema anwani hii kuna UART (mlango wa siriali), hii kuna kontrola ya kadi, na draiva ipi inaendana na nini.

Ndo tunafika kwenye kibodi yako. Pi 4 poti zake nne za USB ziko nyuma ya chipu iliyounganishwa kwa PCI Express, kwahiyo U-Boot inabidi iipate PCI, iipate kontrola, ndo ianze kupokea wageni. Na kama haijaambiwa, haianzi, inasikiliza UART peke yake. Ule ujumbe wa bonyeza kitufe chochote unaambiwa mtu aliye kwenye UART, sio wewe na kibodi yako ya USB. Tafuta waya wa siriali wa volti 3.3, tafadhali usiweke wa volti 5 utaunguza pini. Ardhi kwenye pini ya 6, ya 8 ndo inayotuma, ya 10 inapokea, kwahiyo za waya wako zivukishe. Andika enable_uart=1 kwenye config.txt, spidi 115200. Hapo utasimamisha. Kisha andika usb start uone inahesabu vifaa vingapi, halafu usb tree ikuchoree vimekaaje. Kibodi ikiwepo kwenye mchoro weka setenv stdin serial,usbkbd, na setenv preboot 'pci enum; usb start' ili ianze mapema kabla ya kuhesabu sekunde, halafu saveenv.

Ukiona usb tree inaorodhesha habu lakini kibodi hakuna, angalia umeme. Kifaa kabla hakijakubaliwa kinaruhusiwa miliampia 100 tu, na kibodi za taa za rangi zikiwa kwenye chaja dhaifu zinajiwasha na kujizima bila kufika mwisho wa mahojiano.

Kwangu GRUB inaitika vizuri, nachagua Ubuntu, halafu inaomba neno la siri la diski na hapo kibodi imekufa. Msomaji, Arusha

Wewe umevuka mwenyeji wa kwanza umekwama kwa wa pili. Aliyekuomba neno la siri ni kerneli (kiini) ya Linux ikiwa na ule mfuko mdogo wa faili za kuanzia, initramfs, na mfuko huo haukubeba draiva za kibodi. Washa kwa kerneli ya zamani kwenye menyu ya chaguo za ziada, au jaribu kibodi ya PS/2, au ya laptopu yenyewe kama ni laptopu. Ukiingia ongeza mistari mitatu kwenye /etc/initramfs-tools/modules: xhci_pci, usbhid, hid_generic, kisha sudo update-initramfs -u. Wenye Arch (aina nyingine ya Linux) hakikisheni kwenye mkinitcpio neno keyboard linatangulia autodetect, la sivyo inabebwa draiva ya kibodi iliyokuwepo siku ile tu na siku ukichomeka nyingine umefungiwa nje.

Asalaam aleikum. Nina duka la intaneti Tanga. Juzi mteja kachomeka flashi, dirisha jeusi likafunguka na maandishi yakajiandika yenyewe haraka haraka. Kijana wangu akachomoa. Je, flashi inaweza kuandika?

Waaleikum salaam dada. Flashi haiwezi, ila hiyo haikuwa flashi, au haikuwa flashi peke yake. Rudi juu kwenye zile namba tatu. Mwenyeji anauliza wewe nani, mgeni anajibu 3-1-1, na hakuna mahali anapoombwa kitambulisho. Anaaminiwa kwa neno lake. Kitu chochote chenye umbo la flashi kikijibu kwamba ni kibodi kinapewa nguvu zote za vidole vyako, na kinaandika kwa kasi ambayo mtu hawezi. Mwaka 2014 Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwenye mkutano wa Black Hat, Las Vegas, kwamba hata flashi ya kawaida dukani, kama chipu yake inakubali kuandikwa upya, inaweza kugeuzwa iseme hivyo. Antivairasi inachungulia mafaili, haina faili la kuchungulia hapo.

Kijana wako kafanya vizuri sana kuchomoa. Hiyo mashine ichomoe kwenye mtandao na uifute uipige upya, usijaribu kuisafisha. Kwa zilizobaki, wateja wasitumie akaunti yenye ruhusa za juu, weka neno la siri kwenye BIOS, zima kuwasha kwa USB, ila ujue kuzima kuwasha kwa USB hakuzuii kibodi ya uongo, maana kibodi lazima ikubaliwe mapema ndo uweze kuingia hapo. Mashine nyingi za ofisi zinakuruhusu kuzima poti mojamoja kwenye BIOS, zima za mbele zote. Mteja akija na flashi achomeke kwenye mashine moja iliyoko mezani kwako, isiyo na kitu cha thamani, wewe ndo umhamishie faili lake. Na kabla hujafungua chochote angalia kwenye Device Manager upande wa Keyboards. Kama ilikuwa imeandikwa kibodi moja na baada ya kuchomeka flashi zimekuwa mbili, chomoa.